Pawasaplai ya tarakilishi kuukuu: nzuri, lakini haijui kukataa

Haya jamani, nimeulizwa swali hili mara nyingi mno, basi leo nalijibu. Je, pawasaplai iliyotolewa kwenye tarakilishi kuukuu yaweza kugeuzwa kuwa ya mezani, ya kufanyia majaribio ya elektroniki? Yaweza. Je, inafaa? Hapo ndipo nina maneno.

Kazi yangu ni kuandika programu. Nina shahada ya sayansi ya tarakilishi, lakini miaka yote ile chuoni sikulehemu waya hata mmoja. Kwa hivyo nilipoanza kutengeneza kifaa cha kuwasha pampu ya maji kule nyumbani, sikuwa na pesa za pawasaplai ya maabara. Nikachukua ya tarakilishi iliyokuwa imelala chini ya kitanda.

Kuigeuza kwenyewe ni dakika kumi. Ile plagi kubwa inayoingia kwenye madabodi ina waya mmoja wa kijani. Uunganishe na wowote mweusi na feni itaanza kuzunguka. Waya wa manjano hutoa volti 12, mwekundu volti 5, wa chungwa volti 3.3. Wa buluu ni volti 12 hasi, mkondo wake ni mdogo sana, usiutegemee. (Siku hizi nyingine zina nyaya nyeusi tupu, na kampuni nyingine zilijipangia rangi zao. Pima kwa mita kwanza.) Za zamani huenda zikagoma bila mzigo, rezista ya ohm 10, wati 10, kati ya mwekundu na mweusi huzituliza.

Boksi lenyewe usilifungue. Stima yetu ni volti 240, na kapasita za ndani huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa plagi. Kuna maelekezo mengi ya kutoboa bati ili uweke vituo vya rangi rangi. Urembo mtupu! Nyaya tayari ziko nje.

Sasa kisa changu. Usiku mmoja waya mwembamba wa majaribio uligusa mahali pasipofaa. Nilitarajia pawasaplai ijizime, maana wote husema ina kinga ya shoti. Haikujizima. Ganda la waya likayeyuka, moshi ukapanda, na mdogo wangu aliyekuwa akinishikia tochi akabaki na alama kwenye kidole hadi leo.

Hesabu niliifanya baadaye. Tuseme waya na viungio vyake vina ukinzani wa ohm 1. Volti 12 zitasukuma ampea 12, yaani wati 144, joto la pasi ndogo kwenye waya wa unene wa uzi. Lakini kibandiko cha pawasaplai yangu kinasema laini hiyo hutoa ampea 16. Kwake hiyo si shoti, ni kazi ya kawaida! Kinga yake ilitengenezwa kulinda tarakilishi na yenyewe, si kidole cha mtu. Pawasaplai ya maabara ina kitufe cha mkondo: ukiweka nusu ampea, haivuki hapo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema hii ni pawasaplai ya maabara ya bure. Ni chanzo cha nguvu nyingi kisichojua kukataa. Yangu sikuitupa, lakini kila laini ina fyuzi ya ampea 2, na ile ya volti 12 hupitia kwanza kibao kidogo cha kushusha volti chenye skrubu mbili, moja ya volti, moja ya kikomo cha mkondo. Vibao hivyo huuzwa kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki, na ukinunua, hakikisha skrubu ni mbili, kwa maana vya skrubu moja hurekebisha volti peke yake.

Pampu inafanya kazi, kwa wanaouliza. Mdogo wangu bado hunishikia tochi, ila sasa husimama mlangoni.