Eropleni Ndogo: Tujenge Kwanza, Redio Baadaye

Ndugu zangu wanafunzi, nanyi wakubwa wetu mliosoma hapa zamani, naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo vijana wengi wa hapa Kansanga wanalitamani, nalo ni kurusha eropleni ndogo za kuongozwa kwa redio. Wengi hudhani kwamba kuanza ni kununua. Wataka shule ilete droni ya propela nne iliyotengenezwa ng'ambo, itolewe katika kasha, itiwe betri, iruke. Mimi nasema sivyo. Tuanze na eropleni tuliyoikata kwa mikono yetu, isiyo na mota wala redio. Redio ije baadaye, eropleni ikisha kujua kuruka yenyewe.

Sababu ni hii. Droni ya kununua ina kompyuta ndogo ndani yake inayoiweka sawa mara nyingi katika kila sekunde. Kwa hiyo aweza mtu kuirusha mwaka mzima asijue ni kitu gani kinachoishika hewani. Siku itakapovunjika, hajui pa kuanzia, nayo hutiwa kabatini ikawa ndio mwisho wa chama. Lakini eropleni ya mabawa uliyoijenga mwenyewe, ukiikosea mizani, itakuambia papo hapo kwa kuanguka. Nawe utaokota vipande, utie gundi, ujaribu tena kesho yake.

Hata mabwana Wilbur na Orville Wright wa Marekani hawakuanza na mota. Mwaka 1899 walirusha tiara. Mwaka 1900, 1901 na 1902 walijenga ndege za kuteleza hewani bila mota. Ile ya mwaka 1901 haikuwapa nguvu waliyoitazamia, wakarudi kwao, wakapima vipande vidogo vya mabawa ndani ya sanduku la kupitishia upepo mpaka wakajua kosa liko wapi. Ndipo tarehe 17 Desemba 1903 waliporuka kwa mota. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Basi mwanafunzi wa S.1 aanzeje? Atafute karatasi ngumu ya manila, au lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni ndani ya kasha, na kijiti chepesi cha mwanzi kiwe mwili. Bawa liwe na urefu wa sentimita 60 hivi, na ncha zake mbili ziinuke kidogo, maana ndizo zinazoirudisha eropleni ikilala upande. Akisha kufunga bawa na mkia, aweke vidole viwili chini ya bawa, kiasi cha robo au theluthi ya upana wake kutoka ukingo wa mbele, aone kama yasimama sawa. Mkia ukishuka, abandike sarafu puani.

Kisha aende penye majani, aelekee upepo, aisukume polepole bila kuielekeza juu. Ikiinua pua, ikasita, halafu ikaanguka, basi ni nzito nyuma, na pua yataka uzito zaidi. Ikipiga mbizi moja kwa moja, pua ni nzito mno. Kila mrusho auandike katika daftari: nini kilibadilishwa, na ilikwenda hatua ngapi. Mwanafunzi mwenye daftari la mirusho hamsini amejifunza mengi ya fizikia kuliko yule aliyekariri ukurasa akausahau baada ya mtihani.

Tena liko jambo la kwetu ambalo vitabu vya ng'ambo havitukumbushi. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa sehemu kama moja katika kumi. Eropleni ileile ikiletwa huku haina budi kwenda kasi zaidi kidogo ili ibebwe. Kwa hiyo tukifuata vipimo vya watu wa pwani ama Ulaya, tupunguze uzito au tuongeze bawa. Na turushe asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuma.

Eropleni ikisha kuteleza vizuri, hapo ndipo yafaa kuipa mota ya betri na redio. Ya kuanzia iwe na bawa juu ya mwili, iende polepole, na iwe na amri tatu tu: nguvu ya mota, usukani wa kulia na kushoto, na kipande cha mkia cha kupandisha na kushusha pua. Zamani kila mrushaji alihitaji njia yake ya mawimbi. Wawili wakiwasha redio kwenye njia moja, eropleni huanguka. Redio za siku hizi, zitumiazo gigahezi 2.4, hujitafutia nafasi zenyewe, na redio moja ya mkononi yaweza kuongoza eropleni nyingi kwa zamu. Maana yake ni kwamba redio moja nzuri yatosha chama kizima.

Mambo mawili huwashinda wanaoanza. La kwanza, eropleni ikikujia, kulia na kushoto hugeuka. Dawa yake ni rahisi: sukuma kijiti upande wa bawa lililoshuka, nalo litainuka. La pili ni betri za lithiamu, ambazo zikitobolewa au zikichajiwa vibaya huwaka moto. Zisichajiwe bwenini wala usiku watu wamelala.

Sasa turudi kwenye mahali. Kansanga ni nyumba kwa nyumba, nyaya za umeme juu, na Barabara ya Ggaba ina magari na boda boda kutwa. Kule Kajjansi, kando ya njia ya Entebbe, pana uwanja wa ndege ndogo zibebazo watu. Kitu kirukacho kwa redio si mchezo mbele ya sheria. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda ndiyo yenye kutoa idhini, na watu wa usalama wana neno lao pia. Basi kabla ya kuagiza chochote ng'ambo, mwalimu mkuu aulize kwa maandishi na angoje jibu. Lakini kile cha manila cha kurushwa kwa mkono chaweza kuanza Jumamosi hii katika kiwanja chetu cha mpira. Hiyo nayo ni sababu ya kuanza na mkono.

Wako watakaosema kwamba huu ni mchezo wa watoto wa matajiri. Manila, gundi na sarafu si utajiri. Wengine watasema mitihani iko karibu. Lakini mtaala mpya wa shule zetu za sekondari, ulioanza mwaka 2020, wataka mwanafunzi afanye kazi za kubuni na kutengeneza. Hii ni mojawapo.

Nao wanaoita jambo hili mchezo na watazame majirani. Huko Zanzibar, tangu mwaka 2016, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kupiga picha za visiwa vyote kwa ndege ndogo za povu zisizo na rubani, ili kupata ramani. Huko Rwanda, tangu Oktoba 2016, ndege za Zipline zapeleka damu hospitalini. Nazo zina mabawa, na maganda yake ni ya povu, kama hizi zetu. Hapa kwetu, mwaka 2021, taasisi ya magonjwa ya kuambukiza ya Makerere ilianza kupeleka dawa kwa ndege za namna hiyo katika visiwa vya Kalangala, ambako mgonjwa hutegemea mtumbwi na hali ya ziwa. Kazi hizi zitazidi. Swali ni nani atakayezijenga na kuzitengeneza zikiharibika: vijana wetu, au wageni wa kuajiriwa? Aliyezoea kufungua kasha tu atabaki kufungua kasha.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi waanzishe chama mwanzo wa muhula, na asiguse redio mtu ambaye eropleni yake ya mkono haijateleza hatua thelathini. Nanyi wakubwa wetu, hasa mlio mafundi na mainjinia, msitununulie droni. Tupeni redio moja, chaja moja nzuri, na saa mbili zenu za Jumamosi. Haba na haba hujaza kibaba.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa Zamani