Mchango wa bahasha uende kwenye hesabu

Kila mwaka Egzetati, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, inapokaribia, vijiji vyetu vya Ubwari, rasi ya Ziwa Tanganyika huku Fizi, huingia kwenye michango. Ada ya mtihani imekwisha kulipwa, lakini wazazi wa wafinalisti, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, huombwa tena fedha ya bahasha ya "kuwatuliza wakubwa" kwenye kituo cha mtihani. Mama aliyeanika ndakala, dagaa wa ziwa letu, msimu mzima anafungua fundo la kitenge chake na kutoa. Mimi nafundisha hesabu katika sekondari moja ya huku, na sijaona bado mtoto ambaye bahasha hiyo ilimpa asilimia 75.

Tangu 1967 mtihani huu ndio mlango wa chuo kikuu nchini Kongo. Asilimia 50 inatosha kupata diploma, lakini anayetaka udaktari au uhandisi asiridhike na 50. Kwanza kuna insha ya Kifaransa, wiki kadhaa kabla ya mitihani mingine. Kisha zinakuja siku nne za itemu, yaani maswali ya kuchagua jibu: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha na masomo ya opsheni. Ndani ya chumba kimoja watoto hugawiwa seri tofauti za maswali. Kwa hiyo ile orodha ya majibu inayouzwa usiku kwenye WhatsApp, hata ingekuwa ya kweli, inaweza kuwa ya seri ya jirani. Mtoto anainakili kwa bidii, namba kwa namba, na kujaza makosa.

Wale wanaopata alama za juu nawajua wanavyofanya kazi. Chukua itemu ya kawaida: mlinganyo 2x² − 6x + 1 = 0, inatakiwa jumla ya mizizi yake. Majibu ni matano: −6, −3, ½, 3 na 6. Mwanafunzi wa wastani anatafuta lililo sahihi, anapata 3, anapita. Mwanafunzi wa alama za juu anakaa na yale manne yaliyobaki. Anauliza −3 imetoka wapi: ni ya aliyesahau kugeuza alama. Na 6 je? Ni ya aliyegeuza alama lakini hakugawanya kwa 2. Aliyesahau yote mawili atachagua −6, na ½ inamngoja aliyechanganya jumla na zao. Kila jibu baya limetegwa kwa ajili ya kosa fulani. Mtoto aliyepitia itemu za miaka iliyopita kwa namna hii anaingia chumbani akiwa ameshaiona mitego yote.

Kazi hiyo haifanywi wiki moja kabla, wala haifanywi peke yako. Huku kwetu vijana wengi wa kiume wako ziwani usiku, kwenye taa za ndakala, na asubuhi wanasinzia darasani. Lakini mbalamwezi ikikomaa uvuvi unapungua, na hizo ndizo siku ambazo kikundi changu hukutana kila jioni. Mmoja anasoma swali kwa Kifaransa kwa sauti, mwingine analieleza kwa Kiswahili, wa tatu anakwenda ubaoni. Kifaransa kinawaangusha wengi kuliko hesabu yenyewe, kwa sababu nyumbani hakuna anayekisema. Wasichana wanahitaji mpango wao, maana jioni ndiyo saa ya maji na jiko, na mama asipomwachilia binti, mwalimu hana la kufanya.

Tunachokosa ni vitu vidogo: taa ya sola, mkusanyiko wa itemu za zamani uliopigwa fotokopi mjini Baraka, na mshahara wa mwalimu wa fizikia asiyeondoka katikati ya mwaka. Bahasha za darasa moja zingegharamia sehemu kubwa ya hivyo.

Wazazi hunijibu kwamba vijiji vingine vinalipa, nasi tukiacha watoto wetu watabaki nyuma. Naielewa hofu hiyo. Lakini tazameni Kenya. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata A katika KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari. Mwaka 2016 waziri wa elimu Fred Matiang'i alibana uvujaji wa mitihani, na wenye A wakawa 141: udanganyifu ukizibwa, aliyetegemea kununua ndiye anayebaki nyuma. Na jirani zaidi, ng'ambo ya ziwa: watu wetu wa Fizi waliokimbia vita tangu 1996 walisomesha watoto kwa programu ya Kongo katika kambi ya Nyarugusu, na wafinalisti wao wakafanya Egzetati hukohuko. Hao hawakuwa na utajiri wa kuchangia mtu.

Tena alama ya kununuliwa haifiki mbali. Ufadhili wa Excellentia, ule wa taasisi ya Denise Nyakeru Tshisekedi, mke wa Rais, huwapa wenye asilimia za juu jaribio jingine kabla ya kuwachagua. Kamati za wazazi zitakapokutana mwanzoni mwa mwaka wa shule, naomba suala la mchango liwe la kwanza kujadiliwa, miezi tisa kabla ya mtihani, na fedha ikabidhiwe mweka hazina kwa risiti.