Nani Aulizwe Habari za Mnyama wa Maabara?

Kila inapotajwa haja ya kuihuisha Sura ya 360 ya sheria zetu, ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama, husemwa kwamba wataalamu washauriwe. Hakuna apingaye. Sheria hiyo imekuwako tangu mkoloni hajaondoka, na sehemu yake ihusuyo majaribio ya kisayansi iliandikwa wakati ambapo maabara nchini zilikuwa za kuhesabika. Ninalouliza ni moja tu: mtaalamu ni nani?

Sisi wa Nakuru tuna haki ya kuuliza. Lanet kuna kituo cha utafiti wa ng'ombe wa nyama. Naivasha kuna kingine cha mifugo. Na Njoro, katika Chuo Kikuu cha Egerton, vijana hufunzwa udaktari wa wanyama. Kwa hiyo mnyama wa majaribio huku kwetu si panya mweupe kizimbani pekee. Ni fahali, ni mbuzi, ni kuku, asiyetofautika kwa sura na yule wa jirani. Wala faida ya majaribio hatuwezi kuikana. Chanjo ya sotoka aliyoiunda Walter Plowright na wenzake kule Muguga katika miaka ya 1950 ilijaribiwa kwa ng'ombe kabla ya kuenea, na mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kuwa imetoweka duniani. Ajuaye jinsi ugonjwa huo ulivyofagia mazizi ya Wamaasai katika miaka ya 1890 hatathubutu kusema kwamba kila jaribio ni ukatili.

Kisa kinachonishughulisha zaidi, hata hivyo, ni cha nyani. Katika shamba la Kekopey, karibu na Gilgil, mtafiti Shirley Strum alianza mwaka 1972 kulifuata kundi moja la nyani siku baada ya siku, akaeleza jinsi wanavyofanya urafiki na kutafuta suluhu baina yao. Shamba lilipokuja kuwa la wakulima wadogo, nyani wakayazoea mahindi, na mwaka 1984 ikambidi awahamishie Laikipia. Kwa mkulima wa Gilgil, basi, nyani ni mwizi, na anayekuja na mtego ni mkombozi. Kwa Strum ni kiumbe mwenye siasa zake. Kwa watafiti wa taasisi iliyoko Karen, Nairobi, iliyochipuka kutokana na juhudi za Louis Leakey, ni mwili unaokaribiana na wetu, unaofaa kujaribiwa dawa na chanjo. Je, ni yupi kati ya hawa watatu atakayeitwa mtaalamu na kamati ya Bunge?

Swali hili si la mzaha. Mwaka 2014 magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle walikuwa wamefanya majaribio hapa Kenya kwa nyani walionaswa mwituni, ilhali serikali ya kwao ilikuwa imetangaza tangu 1995 kwamba haitaruhusu jambo hilo ila kwa sababu za kipekee. Mgeni akija kufanya kwetu asiloruhusiwa kwao, pengo ni la sheria yetu, na pengo hilo halitazibwa na wenye vibali peke yao.

Waingereza hao hao wana la kutufunza. Mwaka 2021 wasomi wa London wakiongozwa na Jonathan Birch waliulizwa jambo moja mahususi: je, kaa na pweza huhisi maumivu? Waliupima ushahidi, ripoti ikachapishwa, na viumbe hao wakaingizwa katika sheria ya 2022. Sheria yetu humhesabu mnyama kuwa ni mwenye uti wa mgongo. Kiswahili nacho kina mipaka yake: mvuvi wa Ziwa Naivasha hamwiti kambale mnyama, humwita samaki. Tukiitafsiri sheria bila kuliangalia hilo, samaki wa maabara ameponyoka.

Na hapa ndipo sisi watu wa isimu tunapokuwa na la kusema. Sheria hudai kwamba mnyama anayepasuliwa atiwe dawa. Dawa ipi kwa Kiswahili? Ganzi hufisha sehemu moja ya mwili, na mnyama anatazama. Nusukaputi humlaza kabisa. Neno moja likikosewa, mbuzi anapasuliwa akiwa macho, na kwenye karatasi hakuna kosa.

Anayeweza kutuambia kama dawa ilishika aghalabu si profesa. Ni mlishaji, yule anayefagia zizi alfajiri, anayejua kwamba ndama fulani hakucheua tangu jana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu huyu hatumwi kikaoni, na hata akitumwa, rasimu huletwa kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi na kuutaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Neno mtaalamu, kwa asili yake ya Kiarabu, humtaja mwenye kujifunza. Mlishaji amekuwa akijifunza kila siku pasipo cheti.

Rasimu itakapoletwa Nakuru, walimu wa biolojia na wa Kiswahili waende pamoja. Waisome sehemu ya majaribio kwa sauti, mkulima wa Gilgil na mlishaji wa Lanet wakiwapo, na waulize kwanza: hapa mmekusudia ganzi, au nusukaputi?