KAMBA SI KAMBA TU, JAMANI

Wiki hii hapa Kampasi ya Mizengo Pinda stori si mtihani wala mpira. Ni video ya watu wanaoruka na parachuti kule Diani, Kenya, wanashuka juu ya bahari kama mwewe. Sasa kila mtu anataka kwenda. Nendeni, mimi sina neno. Ugomvi wangu ni na wale wanaosema, "Aah, kamba ni kamba, unavuta tu." Wabaya zaidi ni wanaodai ukishazoea parachuti moja umezoea yote.

Nasema hapana. Hapo ndipo uzoefu unapoua.

Piga hesabu. Mtu anayeanguka kifudifudi anafika kama kilometa 190 kwa saa, zaidi ya mita 50 kila sekunde. Akiwa mita 900 juu na hajafungua kitu, amebakiwa na sekunde 17 hivi. Hapo mkono hausubiri ufikiri, unakwenda pale ulipozoea. Na mabegi ya parachuti hayafanani. Mengine parachuti kuu unalifungua kwa kutupa kiparachuti kidogo kilichochomekwa chini ya begi, mengine kwa kuvuta kishikio. La kuu likigoma, mabegi mengi yana vishikio viwili kifuani: kimoja kinaliachia lililogoma, cha pili kinafungua la akiba. Lakini yapo, hasa ya wanafunzi, ambayo kishikio kimoja kinafanya kazi zote mbili. Aliyezoea kimoja akavaa la viwili, akavuta cha akiba peke yake, la akiba linaweza kutoka na kujisokota kwenye lile lililogoma. Ana maparachuti mawili, na hana hata moja!

Utasikia, "Si kuna kifaa kinachofungua la akiba chenyewe?" Kipo. Ila lazima kiwe kimewashwa, na hakiliachii la kuu lililogoma.

Wala msione haya ni mambo ya wazungu na starehe zao. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta ikaangukia baharini Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125. Baadhi yao walikuwa wamejaza upepo majaketi okozi wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, majaketi yakawanyanyua na kuwabana juu, wakashindwa kuufikia mlango. Jaketi lilikuwa zima kabisa. Kilichokosekana ni kujua lijazwe lini.

Sisi tunaosoma nyuki tunalijua hili. Ukiazimwa vazi la kurinia asali, kabla hujausogelea mzinga unakagua zipu, wavu wa usoni, glavu. Hakuna anayekuita mwoga. Kwa nini angani iwe ushamba kuuliza?

Kwa hiyo, mnaokwenda kuruka mkiwa mmefungwa na mwalimu, muulizeni miguu mnyanyue lini wakati wa kutua, na mjaribu mkiwa chini. Na anayetaka kujifunza kuruka mwenyewe, begi geni alivae ardhini mbele ya mtu anayelijua, afumbe macho, aguse kila kishikio kwa mpangilio wake, arudie mpaka mkono uzoee. Mwenye begi akikwambia "wewe twende tu, utajua hukohuko", mrudishie begi lake. Hela itauma, sawa. Iume.

Nawasilisha.