Majani ya Bahari Si Takataka, Bibi Harusi

Mabibi harusi ninaowashonea hapa Upanga wanataka picha za ufukweni, na wengi wanaagiza majani ya bahari yafagiliwe kwanza, eti yanachafua shela. Hapo siwaungi mkono.

Huo ni mmea wenye mizizi na maua, si mwani. Ndimo tasi wanamolisha na vifaranga vya samaki wanamojificha. Kule Chwaka, Unguja, kina mama huokota chaza na kombe humo maji yakitoka. Jani tupu hudondoka lenyewe. Ukiliona na mzizi wake, limeng'olewa: na wimbi kali, na nanga, au na juya linalokokotwa chini. Mengine hayafiki pwani. Mkondo huyapeleka bahari kuu, nyuma ukabaki mchanga mtupu.

Sheria inakataza juya, lakini samaki wake tunawanunua kwa kuwa ni bei rahisi, tukawapika kwenye walima! Surat Ar-Rum, aya ya 41, inatukumbusha kwamba bahari nayo huharibika kwa matendo yetu. Basi tuanze na mkono unaolipa. Muulize muuzaji: kavuliwa kwa mshipi, dema au juya? Akibabaika, pita. Na ufukweni, piga picha majani yakiwepo.