Wageni wa Wiki Mbili na Vidonge vya Mwezi Mmoja



Kila mwaka ifikapo Juni na Julai, shule za Ulaya na Marekani zinapofungwa, hospitali yetu ya misheni hupokea wageni kutoka parokia rafiki za ng'ambo. Baadhi yao ni madaktari na wauguzi, wengine wanafunzi, na wengine ni Wakristo wa kawaida wenye moyo wa kutoa. Hukaa wiki mbili. Wanapaka rangi wodi, wanacheza mpira na watoto, na wanafungua kliniki ya bure katika ukumbi wa parokia. Foleni huanza alfajiri. Sisi wauguzi ndio wakalimani, ndio tunaoandika majina, na ndio tunaobaki wakishapanda ndege. Kwa kuwa ndio tunaobaki, mwezi huu tunaomba tuseme jambo ambalo mbele yao tulilinyamazia kwa adabu ya kumpokea mgeni.

Hatusemi wasije. Yupo daktari mmoja wa upasuaji ambaye amekuja mwaka hadi mwaka, mwezi ule ule. Mara ya kwanza alipasua ngiri yeye mwenyewe, na daktari wetu akasimama kumtazama. Miaka iliyofuata daktari wetu ndiye aliyeshika kisu, na mgeni akawa msaidizi. Leo mwenye ngiri hasubiri Julai. Mgeni wa namna hiyo hata akae siku kumi tu, kazi yake inabaki.

Lakini tunaye pia mama mmoja wa kigango cha mbali, umri wake miaka 60 na kidogo. Katika kliniki ya bure alipimwa presha ikaonekana 190/110. Akapewa vidonge vya siku 30 katika kopo lenye maandishi ya kigeni. Hakuandikiwa kadi, wala hakuna aliyemwambia arudi wapi. Vidonge vilipokwisha alijisikia vizuri, naye akawaambia jirani zake kwamba Mzungu amemponya. Mwezi wa nne wanawe wawili walimleta kwa pikipiki wakiwa wamembana katikati, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauna nguvu. Kilikuwa kiharusi.

Tusimtupie mgeni lawama zote. Aliyekuwa akitafsiri siku ile alikuwa mmoja wetu. Foleni ilikuwa ndefu, jua limepanda, naye akasema "kidonge kimoja kila siku" akamwita mwingine. Hakusema kwamba dawa hii haina mwisho. Hayo maneno machache yaliyokosekana tumeyajadili sana katika chumba cha wauguzi.

Ndugu msomaji, presha ya kupanda si malaria. Dawa ya malaria unameza siku tatu, dozi inakwisha, na vimelea vinakufa. Dawa ya presha hushusha presha kwa muda ule tu unaoendelea kuitumia. Ukiacha, presha hupanda tena, mara nyingi bila maumivu wala dalili yoyote. Ndivyo ilivyo hata kwa kisukari. Kumwanzishia mtu dawa ya maisha bila kumwonyesha mahali pa kuendelea nayo ni kumwacha njiani. Mwaka 2020 safari za ndege zilipokatika kwa ajili ya korona, wageni hawakuja kabisa, na waliokuwa wakitegemea makopo ya Julai walipata taabu.

Jambo jingine ni maboksi ya dawa yanayoachwa. Tangu mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo kuhusu dawa za msaada: ziwe zimeombwa na wanaozipokea, ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake, na maandishi yake yawe katika lugha wanayoielewa wahudumu wa mahali hapo. Dawa iliyopitwa na wakati si zawadi. Haitupwi shimoni ovyo. Huteketezwa kwa utaratibu, nao utaratibu una gharama.

Na kijana ambaye kwao haruhusiwi kuchoma sindano, kwetu asipewe sindano, hata akivaa nguo za kijani za chumba cha upasuaji. Daktari mgeni anatakiwa kupata usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya kugusa mgonjwa. Mwili wa maskini si daftari la mazoezi.

Wamisionari waliofika Bagamoyo mwaka 1868 walikuja kukaa, na makaburi yao yapo pale hadi leo. Hatuwezi kudai hayo kwa mtu mwenye likizo ya wiki mbili. Lakini Msamaria mwema naye alikuwa mpita njia! Alifunga majeraha, akampeleka majeruhi katika nyumba ya wageni, na kesho yake akamwachia mwenye nyumba fedha za kuendelea kumtunza, akaahidi kupitia tena. Mara nyingi tunamsifu Msamaria tu, tukimsahau mwenye nyumba aliyebaki na mgonjwa usiku na mchana.

Kwa hiyo tunaomba halmashauri za walei zinazoandika barua za mwaliko zikae kwanza na hospitali, ziulize kinachohitajika. Kila mgonjwa wa kliniki ya bure aandikwe katika kadi yetu, na muuguzi wa hapa awe mezani kama muuguzi, asiwe mkalimani tu. Na mgeni akitaka kuacha fedha, azielekeze kwenye dawa za miezi 11 inayobaki. Tunajua kwa nini watu hukimbilia kliniki ile: ni bure, nasi tunatoza. Fedha hizo zingepunguza tofauti hiyo kuliko rangi ya ukutani.

Kliniki yetu ya presha na kisukari ni kila Jumatano kuanzia saa 2 asubuhi. Mama yule huja siku hiyo, na sasa anaweza kushika kikombe kwa mkono wa kulia. Yeyote aliyepewa vidonge na wageni aje na kopo lake, hata kama ni tupu.