Kioo cha Gemu na Kadi Isiyokimudu

Wazazi wa Kitale na Bungoma wamekuwa wakituuliza juu ya vioo vya kompyuta vya gemu. Kijana ameomba kioo kinachoondoa ukungu wa picha, bei yake imepita ya kawaida kwa mbali, na mama ndiye mwenye akiba ya chama. Je, atoe? Twasema asitoe mpaka ajue kompyuta ya kijana ina kadi gani ya michoro.

Tuanze na huo ukungu. Kioo cha hezi 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde, na kila moja hukaa palepale milisekunde 16.7 kabla ya kuipisha nyingine. Jicho halisimami, laufuata mpira unaokwenda. Mpira ukikata nukta 1,000 za kioo kwa sekunde, jicho huwa limeitangulia picha kwa nukta kama 17, na hizo ndizo zionekanazo kama wino ulioburuzwa. Kioo si kibovu, wala macho ya mtoto hayana kasoro.

Dawa waliyoibuni watengenezaji ni kuimulika taa ya nyuma ya kioo mara moja kwa kila picha, kisha giza hadi picha ijayo. Mmuliko ukiwa wa milisekunde 1, zile nukta 17 hubaki 1. Ni hila nzuri kwelikweli. Walakini hula mwanga, kwa kuwa taa imezimwa muda mwingi, na wapo waumwao kichwa kwa kuwaka na kuzima huko hata wasipokuona. Nyumba yenye mtu wa kipandauso ilifikirie hilo mapema.

Mmuliko hufaa pale tu kompyuta inapotoa picha mpya kila taa inapowaka. Taa ikimulika mara 120 ilhali kadi yatoa picha 60, kila picha humulikwa mara mbili, na mpira mmoja huonekana miwili. Hapa ndipo fedha hupotea. Kompyuta ambazo mifuko mingi huzimudu ni za mitumba zilizotoka maofisini, na nyingi hazina kadi ya michoro. Picha huchorwa na prosesa yenyewe. Katika gemu nzito, hata picha 60 ni shida kuzifikia. Yale makasha membamba, tena, mara nyingi hayana nafasi wala umeme wa kutosha kwa kadi kubwa.

Majina nayo huwachanganya wanunuzi, na wakati mwingine wauzaji. ULMB ni ya NVIDIA na huhitaji kadi ya NVIDIA. DyAc ya BenQ hufanywa na kioo chenyewe, haibagui kadi. FreeSync ni jambo jingine kabisa: hukifanya kioo kiingoje kadi ili picha isikatike, nao ukungu hubaki. Tangu Januari 2019 kadi za NVIDIA za GTX 10 na zilizofuata huvikubali vioo vya namna hiyo kwa waya wa DisplayPort. Mwenye PlayStation 4 asijisumbue, kwani mashine hiyo haivuki hezi 60, na vioo vingi vya mmuliko havimuliki katika kasi hiyo kwa kuwa macho yangeuona mweko.

Kwa maoni yetu, asiye na kadi anunue kioo cha kawaida, na kilichobaki kiwe mwanzo wa kununulia kadi. Anayeagiza kutoka Nairobi amtumie muuzaji jina la kadi yake kabla ya kulipa. Kioo kitasafiri zaidi ya kilomita 300, na nauli ya kukirudisha ni juu yenu. Anayenunua dukani aende na kompyuta yake, awashe gemu anayoicheza kila siku wala si filamu ya maonyesho, aufungue mmuliko, kisha azungushe kamera na kuitazama mistari ya uwanja. Mstari mmoja ukionekana miwili, arudishe kioo rafuni na kuulizia cha kawaida.